Mfasiri na Mlango wa Karakana

Wachapishaji na wakuu wa majumba ya makumbusho wasakao wafasiri wa kuyatoa maandishi ya sanaa na kazi za mikono katika Kiingereza na kuyatia katika Kifaransa, aghalabu huuliza mambo mawili: shahada gani, na bei gani kwa neno. La tatu, ambalo ndilo shina, hawaliulizi: je, mtu huyu amepata kuingia karakana?

Tazama neno moja tu, "glaze". Mchoraji wa Kiingereza hulitumia kwa tabaka jembamba la rangi ya mafuta lipitishalo mwanga. Mfinyanzi hulitumia kwa utando wa kioo uvikao chombo cha udongo. Mfaransa hayachanganyi: la mchoraji ni "glacis", la mfinyanzi ni "glaçure" au "émail". Kamusi huyapanga yote safu moja. Mfasiri asiyejua huokota la kwanza, na bakuli la udongo likapakwa rangi ya mafuta! Msomaji wa pwani aijua aibu hiyo. Akisoma kwamba mkeka "umefumwa", hutambua papo hapo kuwa mwandishi hajapata kushika ukili. Kwani ukili husukwa, na mkeka hushonwa.

Wafaransa ndio wasio na udhuru kabisa. Ensaiklopidia ya Diderot na d'Alembert, iliyoanza kutoka mwaka 1751, ilikusudiwa kwanza iwe tafsiri ya ile ya Mwingereza Ephraim Chambers ya mwaka 1728. Diderot, mfasiri wa Kiingereza na mwana wa mfua visu wa Langres, aliona vitabu havitoshi. Katika tangazo la kazi hiyo, la mwaka 1750, alieleza kuwa mafundi waliendewa katika karakana zao, wakaulizwa, na waliyoyatamka yakaandikwa.

Watasema fedha hazipo. Mbona za karatasi aali na picha za rangi hupatikana? Kinachokosekana ni nauli ya mfasiri kwenda kwa mfinyanzi. Basi atafutaye mfasiri na amwekee bakuli mbele yake, si kamusi, amwambie: eleza hiki kilivyofanywa, kwa Kifaransa ambacho fundi wa Kifaransa hatakicheka. Akishindwa, shahada zake na azitundike ukutani. Asiyejua maana haambiwi maana. Wala asiajiriwe kuwaambia wengine.