Mnautafuta Mzimu, Mnamwacha Daktari

“Mwalimu, umenipotezea wiki mbili.” Maneno hayo niliambiwa na rafiki yangu wa siku nyingi, mtumishi wa umma mwenye cheo cha kutosha, aliponirudishia riwaya niliyomwazima. Alikuwa amesoma kurasa zinazokaribia 500 akingoja mzimu ujitokeze, na mzimu haukujitokeza. Alikitua kitabu mezani kama mtu anayerudisha redio mbovu dukani.

Riwaya yenyewe ni The Little Stranger ya Sarah Waters, iliyotoka Uingereza mwaka 2009 na kuingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka huo huo. Nimeisoma na wanafunzi wangu pia, na malalamiko yao hayakupishana sana na ya rafiki yangu. Wako waliosema inakwenda polepole mno. Wako waliosema haina mwisho, kwa kuwa mwandishi hasemi ni nani aliyekuwa akiwatesa watu wa nyumba ile. Na wako waliosema, kwa utulivu kabisa, kwamba mtu pekee mwenye akili timamu katika kitabu kizima ni daktari anayetusimulia.

Kauli mbili za kwanza zilinichosha. Hii ya tatu ilinitisha. Nimeandika makala haya kuipinga, na kuonyesha kwamba kauli zote tatu zimezaliwa na mama mmoja. Nitaufichua mwisho wa kitabu. Asiyetaka kuujua aishie hapa.

Kwa ambao hawajaisoma: ni miaka ya 1947 na 1948, katika mkoa wa Warwickshire. Vita vimekwisha, chama cha Labour kimeshika serikali, na makabaila wa mashambani wanafilisika. Katika jumba liitwalo Hundreds Hall wamebaki Bibi Ayres, binti yake Caroline, mwanawe Roderick aliyeumia vitani akiwa rubani, na kijakazi mdogo aitwaye Betty. Paa linavuja, lipu inabanduka, bustani imegeuka pori. Dakta Faraday, daktari wa eneo hilo, anaitwa kumtazama Betty aliyejisingizia ugonjwa, na tangu siku hiyo haondoki tena katika maisha ya familia ile. Kisha mambo yanaanza: mbwa mpole anamng’ata mtoto usoni, chumba kinashika moto, kengele zinalia bila mkono wa mtu, herufi za kitoto zinaonekana ukutani.

Sasa nije kwenye hoja. Faraday si msimulizi asiye na historia na nyumba ile. Mama yake aliwahi kuwa yaya humo ndani. Mwaka 1919, katika sherehe ya Sikukuu ya Dola, yeye akiwa mtoto aliingizwa ndani kwa upendeleo, akaona pambo la lipu lenye umbo la tunda la mwaloni, akalibandua ukutani na kulitia mfukoni. Si kwamba alitaka kuharibu, hivyo ndivyo anavyotuambia. Alilipenda mno hata akataka kipande chake. Riwaya inafunguka kwa tukio hilo. Msomaji mwenye haraka hulipita akilidhani pambo la utangulizi, kisha hutumia kurasa zote zilizobaki kuuliza mzimu uko wapi.

Ebu tuhesabu kazi za daktari huyu. Mbwa aliyemng’ata mtoto, aliyemchoma sindano ya kifo ni Faraday. Roderick alisema kuna kitu kinachomwandama chumbani mwake. Faraday akasema ni mishipa ya fahamu iliyochoka kwa vita, na baada ya moto kijana akapelekwa kliniki ya maradhi ya akili. Kabla ya hapo mguu wa kijana huyo huyo ulikuwa umempatia daktari mada ya makala ya kitabibu. Bibi Ayres alisema anamsikia bintiye aliyekufa utotoni. Daktari akasema ni huzuni iliyomvuruga akili, akaanza kupanga naye aondolewe, mama akajitoa uhai. Caroline akakubali kuolewa na daktari, kisha akavunja uchumba, akatangaza kuiuza nyumba na kuhama. Hilo nalo daktari aliliita uchovu. Muda mfupi baadaye Caroline alianguka usiku kutoka ghorofa ya juu na kufa. Betty alisikia, kabla ya kishindo, bibi wake akitamka neno moja kama mtu aliyemtambua aliye mbele yake. Kwenye uchunguzi wa kifo Faraday alitoa ushahidi kuhusu hali ya akili ya marehemu, na uamuzi ukawa kwamba alijiua.

Tazameni utaratibu huo. Kila aliyefungua kinywa alipewa jina la ugonjwa, na aliyetoa majina hayo ni mmoja. Hakupaza sauti wala hakuinua mkono. Alikuja na mkoba wake, akanywa chai, akasikitika, akaandika. Jambo la namna hiyo haliwezi kusimuliwa kwa mbio. Kama Waters angelisimulia kwa kurasa 150, tungemshuku daktari ukurasa wa 40. Upolepole mnaoulalamikia ndio unaowafanya mmzoee, mwone ucheshi wake, mumhurumie kwa upweke wake, hatimaye mtazame kila kitu kwa macho yake. Nakiri nami nilikasirika niliposoma mara ya kwanza. Kuna kurasa za nyufa na mazulia nilizoziruka. Niliporudia ndipo nilipoona kwamba katika kurasa zile nilizoziruka daktari alikuwa akiitazama nyumba kama mtu anavyotazama mali yake.

Usiku aliokufa Caroline, Faraday alikuwa wapi? Anatuambia mwenyewe: alikuwa akirudi kutoka hospitali, akaegesha gari kando ya kidimbwi, akalala, na usingizini akajiona akienda Hundreds. Kauli ile ingetosha kumwita mtu yeyote mwingine kuhojiwa. Hakuna aliyemhoji. Wanafunzi wangu nao hawakumhoji. Nilipowauliza kwa nini, mmoja alinijibu, “Lakini yeye ni daktari, Mwalimu.”

Nisieleweke vibaya. Sijiungi na wasomaji wa upande wa pili, wanaodai kwamba fumbo limekwisha, daktari ndiye muuaji, funga faili. Kitabu hakiwapi ushahidi huo. Katika ukurasa wa mwisho Faraday, akiwa na funguo za jumba tupu, anatafuta kile alichokiona Caroline, na katika kioo cha dirisha kilichopasuka anaiona sura yake mwenyewe. Mwandishi anaishia hapo. Ubishi wa namna hii ni mkongwe katika riwaya za majumba ya kutisha: tangu Henry James alipotoa The Turn of the Screw mwaka 1898, wasomaji wamegawanyika kama mizimu ni ya kweli au imo kichwani mwa mlezi anayeisimulia. Lakini kugombania jibu ni njia nyingine ya kuwa na haraka. La kutuudhi lingekuwa hili: tumetembea na mtu kurasa zote zile, na swali la wazi kabisa halikutupitia akilini.

Wanaharakati wameniletea pingamizi la maana zaidi. Wanauliza: kwa nini tuwalilie makabaila? Si haki ardhi yao iuzwe, nyumba za halmashauri zijengwe kwa ajili ya wafanyakazi, kama inavyotokea humo kitabuni? Ni haki, tena sana, na sidhani Waters anatuomba machozi. Lakini mchunguzeni mtoto wa yaya. Mwaka 1948 Huduma ya Taifa ya Afya inakaribia kuanza, na ilianza tarehe 5 Julai. Wagonjwa wake maskini watatibiwa bila kulipa. Yeye anaiogopa, maana anahofia kipato chake. Machozi yake ni ya lipu ya Hundreds Hall. Mama yake alihudumia nyumba ile kama yaya, na mwana hakutaka ukabaila ukome; alitaka funguo. Mwisho wa kitabu anazo, na huenda huko mara kwa mara kuziba matundu na kufagia. Mtu wa namna hiyo hahitaji kutafutwa Uingereza. Tunawajua waliopigana dhidi ya jumba la bwana, na siku bwana alipoondoka wakabadilisha mapazia tu.

Nasi tulikuwa chini ya serikali ile ile ya London katika miezi ile ile. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki chache, ukaandika ripoti yenye matumaini makubwa, na mwaka 1947 matrekta yakaanza kufyeka pori la Kongwa ili kulima karanga. Ripoti ilikuwa safi. Udongo wa Kongwa ulikauka kiangazi ukawa mgumu kama saruji, mvua zikawa haba, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Wenyeji waliokuwa wakiijua ardhi ile hawakuwa wameshika kalamu.

Mimi pia nimewahi kumwamini daktari. Miaka mingi iliyopita, katika chuo nisichokitaja, niliketi kwenye kamati ya nidhamu. Mbele yetu kulikuwa na ripoti ya kurasa tisa, imepigwa chapa vizuri, aya zimepewa namba, imetiwa sahihi na mtu wa heshima. Upande wa pili alikuwapo msichana wa mwaka wa pili ambaye alisema ripoti ile ni uongo. Alilia, akachanganya tarehe mbili, akarudia neno moja mara nyingi. Ripoti ilikuwa imekwisha kutueleza, katika aya ya saba, kwamba ana tatizo la hisia. Tulipiga kura kabla ya chakula cha mchana. Hakuna kati yetu aliyemwuliza mwandishi wa ripoti kama siku iliyotajwa yeye alikuwapo pale, na kama alikuwapo, alifuata nini. Msichana aliondoka chuoni wiki ile. Sikumwona tena, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa mikono iliyoinuliwa.

Kwa hiyo mnaponiambia kwamba Faraday ndiye mwenye akili timamu, siusikii ubishi wa fasihi. Naisikia kamati ile. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi tumeikariri methali hiyo tangu shule ya msingi bila kuipapasa nguo. Ninyi wanafunzi, kesho mtaandika ripoti. Ninyi watumishi wa umma, mnaandika leo. Ninyi wanaharakati mnazisoma mkitafuta waovu wenye pembe, ilhali aya ya saba imeandikwa kwa lugha ya huruma. Katika kila faili kuna mtu aliyetajwa kuwa mgonjwa, mkorofi au asiyeelewa, na kuna mtu aliyemtaja hivyo. Huyu wa pili ndiye tusiyemuuliza kitu.

Rafiki yangu hajabadili msimamo. Bado anasema kitabu kinachosha, na ana haki yake. Kimerudi mezani kwangu. Anayekitaka aje akichukue kwa sharti moja tu: akifika kwenye usiku ule wa gari kando ya kidimbwi, asiharakishe.