Chuma Kilianguka Mukuku. Huko Juu Nani Anachunga?

Desemba 30, 2024, kama saa tisa mchana, watu wa Mukuku kule Makueni walikuwa wanajiandaa kufunga mwaka. Mara pete kubwa ya chuma ikadondoka kutoka juu: upana wa mita 2.5, uzito kama kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, likasema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, ambayo kwa kawaida ingeungua angani au kuangukia baharini. Bahati nzuri haikuua mtu.

Nilipoenda Kitui, susu aliniuliza swali moja tu: "Kwani huko juu hakuna anayechunga?" Mimi niliyeacha chuo nikakosa jibu. Nikarudi mtaani, nikasoma.

Jibu ni kwamba wanachunga, lakini kuna mapengo. Takataka kubwa za roketi hufuatiliwa kwa rada. Shida ni vijiwe vya angani, vile vidogo usivyoviona hadi vikugonge. Duniani hewa huviunguza vingi. Mwezi hauna hewa ya kuukinga, kwa hivyo kila kijiwe kinatua na kishindo, na vikubwa kidogo vinatoa mmweko wa mwanga. Machi 17, 2013, jiwe la kama kilo 40 liligonga mwezi na kuchimba shimo la upana wa mita 18. Ukihesabu mimweko hiyo, unajua ni mawe mangapi yanazunguka jirani yetu.

Sasa, ukiangalia kutoka huku chini unaona upande mmoja tu wa mwezi, tena ile sehemu yenye giza, na mawingu yakija kazi imeisha. Ndiyo maana wanatumia setilaiti ndogo. EQUULEUS ya Japani ilirushwa Novemba 2022, kilo kama 11 tu, ikiwa na kamera ya kunasa mimweko hiyo. Ulaya wanaandaa LUMIO, itakayochungulia upande wa mwezi tusiouona.

Tuwe wakweli: kamera hizo hazingeonya Mukuku. Ile pete ilitengenezwa na binadamu, na mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo hulipa hasara kikiangukia watu. Lakini mambo haya yanakutana. Kijiwe kikigonga setilaiti, vipande vyake vinakuwa takataka mpya, na takataka za njia za chini mwishowe hurudi chini.

Najua utaniambia, "Wee, Makueni watu wanatafuta maji, wewe unaleta stori za mwezi?" Sawa kabisa. Ila 1KUNS-PF, setilaiti ya kwanza ya Kenya, ilikuwa kiboksi cha sentimita 10 kila upande. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliijenga na Waitaliano, na Wajapani wakaiachilia angani Mei 2018. Kisha Taifa-1 ikafuata Aprili 2023, na kazi yake ni kupiga picha za ardhi, zinazosaidia mambo ya kilimo na ukame. Mkono unaojifunza kutengeneza kamera ya shamba ndio huo huo utakaotengeneza ya mwezi.

Kitui usiku kuna giza safi ambalo Nairobi tulishapoteza. Darubini yenye kamera, vijana wawili na subira vinatosha kuanza kuhesabu mimweko. Tusipofanya hivyo, tutabaki kuambiwa na wengine kilichotuangukia ni nini, kikiwa kishatua shambani.