Kasha la Bibi na Koti la Babu wa Watu

Kila ifikapo siku ya utamaduni katika shule zetu za sekondari, sisi tunaoalikwa kusoma mashairi huketishwa kivulini karibu na mgeni rasmi, na hapo ndipo tunapoyaona yanayotukera. Vijana hutokea wamevaa kitambaa chenye madoadoa ya chui, kilichochapwa kiwandani ng'ambo na kununuliwa dukani wiki ile ile. Viunoni wamefunga majani, nyusoni wamejipaka chokaa. Mtoto wa Pangani amevaa hivyo, wa Songea vivyo hivyo, na wa Bukoba pia, ambako wazee walikuwa na nguo yao ya gome la mti iliyotwangwa kwa ufundi usio haba. Walimu hupiga makofi. Mgeni rasmi husema kuwa amefurahi kuona mila zetu zinadumishwa. Jioni madoadoa yale hukunjwa, yakafungiwa kabatini hadi mwaka mwingine.

Twawauliza walimu wenzetu, maana nasi tuliwahi kushika chaki kwa muda mfupi kabla ya kuingia maofisini: ni bibi wa nani katika mji wenu aliyekwenda sokoni, au msibani, au arusini, akiwa amevaa vile? Ikiwa hayuko, basi kilichoonyeshwa pale si utamaduni. Ni picha ya Mwafrika aliyochorwa na mgeni, nasi tumeichukua tukaivaa kwa hiari yetu.

Sisi tulizaliwa Pangani, mji mdogo mdomoni mwa mto, wenye nyumba za mawe zinazomomonyoka na kivuko cha kwenda Bweni. Bibi yetu alikuwa na kasha la mbao lililopigwa misumari ya shaba. Humo mlikuwa na doti za khanga, nyingine kuukuu hata majina yake yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mlikuwa na kaniki moja nyeusi iliyopauka. Na mlikuwa na nguo za babu, yaani kanzu mbili zenye darizi shingoni, koti jeusi lililoshonwa na fundi wa mjini, na kofia ya viua. Kasha lilipofunguliwa nyumba nzima ilinukia udi.

Alichotufundisha bibi hakikuwa nguo bali uvaaji. Khanga haivaliwi kwa kuwa ni nzuri tu. Kwanza husomwa jina, ukajiuliza ni nani atakayekutana nalo njiani, na kama umekusudia kumwambia hivyo. Koti la babu halikuvaliwa wazi juu ya kanzu siku ya joto ili watu waone lina bitana. Lilivaliwa Ijumaa na Idi, na alipoitwa kutoa ushahidi barazani. Kofia ya viua, ambayo mshonaji huitoboa na kuizungushia uzi tundu kwa tundu kwa wiki nyingi, haikutupwa kitandani. Mtu wa Pangani ungeweza kumtambua kwa mbali kabla hajafungua kinywa, na ndani ya watu wa Pangani ungemtambua babu yetu peke yake, kwa jinsi alivyoiegemeza kofia upande. Hiyo ndiyo tuitayo haiba ya mavazi. Haipatikani katika jora wala katika amri. Mtu huikuta nyumbani kwao, akaichukua, akaiegemeza upande wake.

Hatusemi haya kwa kuwa sisi tulikuwa wema. Babu alifariki mwaka 1986. Nchi ilikuwa imetoka katika miaka ya dhiki, watu walipopanga foleni kwa ajili ya doti moja ya khanga, na belo za mitumba zilikuwa zimeanza kumiminika. Sisi tulikuwa vijana wa sekondari. Tulikuwa na shati moja la kola ndefu, la mtumba, tulilolipenda kuliko chakula. Mama alituuliza kama tunalitaka koti la babu. Tukajibu kwamba lile ni la kizamani. Hakuna aliyetulazimisha kusema hivyo. Koti likakatwa vitambaa vya kusugulia chimni za taa, kanzu zikagawiwa, na kofia ya viua ikawekwa jikoni, kuku akataga ndani yake.

Leo vijana wa Dar es Salaam huamka alfajiri kwenda kuchakura mitumba, wakitafuta koti la Marekani lililochakaa mabegani. Likiwa na jina la shule ya huko, ambayo kijana hajui hata iko jimbo gani, bei hupanda. Likiwa jipya hulikataa, kwa kuwa wanataka la zamani hasa. Kumbe uzee wa nguo una thamani! Una thamani, ila uwe uzee wa watu wengine. Wazee wetu waliziita nguo hizo kafa ulaya, wakidhani wenyewe wamekufa huko. Twamwona kijana amevaa koti la babu wa watu, kwa fahari, na la babu yake limesugulia chimni. Hapo hatumcheki, tutamchekaje?

Wala hatuwachukii wauza mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo hizo sokoni hatua kwa hatua, ili viwanda vyetu vipumue. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola mbili na nusu kwa kilo. Marekani ikakasirika, na mwaka 2018 ikaisimamishia Rwanda nafasi ya kuuza mavazi huko bila ushuru. Nchi nyingine, yetu ikiwamo, zilikuwa zimekwisha kurudi nyuma. Kuna somo kubwa la uchumi hapo, na wachumi walieleze. Sisi twasema tu kwamba hata belo la mwisho lingerudishwa bandarini, aliyemzoea babu wa watu angebaki hamjui wake.

Wapo watakaotukatiza hapa. Watasema: hicho kasha cha bibi yenu mnachokisifu kina nini cha kwetu? Kanzu imetoka Uarabuni, koti limetoka Uingereza, kaniki imetoka Bara Hindi. Wanasema kweli, nasi tutawaongezea. Nguo nyeupe iliyoitwa merikani iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Unguja kwa merikebu, na mwaka 1833 Sayyid Said alitiliana na Marekani mkataba wa biashara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, vya 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, soko likashikwa na wengine. Hata khanga ilianza kwa leso za kigeni, ambazo wanawake wa pwani walizinunua sita sita wakaziunganisha kuwa vazi moja. Baadaye ikachapwa Ulaya, Bara Hindi na Japani kwa ajili yetu, na kiwanda cha Urafiki hakikufunguliwa hadi 1968.

Lakini ni nani aliyeziunganisha zile leso? Ni nani aliyeamua kwamba nguo iwe na mji na pindo, kisha iseme? Hakuna Mholanzi aliyekuwa na nguo inayotukana jirani kwa adabu. Kitambaa kilikuwa cha mgeni, akili ilikuwa ya mwanamke wa Unguja, Mombasa, Lamu na Pangani. Anayetafuta nguo isiyowahi kuvuka bahari atatembea uchi, au atarudia kwenye madoadoa ya chui, ambayo nayo yamevuka bahari.

Na tusidanganyane kuhusu kasha lile. Pangani ilikuwa bandari ya pembe na ya watumwa, na kandokando ya mto palikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Kaniki na merikani ndizo walizovishwa. Unguja utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, wanawake waliotoka utumwani walizivua wakajifunga khanga za rangi, na watu wa mji walipoona wakajua kuna jambo limegeuka. Bibi hakutuambia ile kaniki ilikuwa ya nani. Tulipouliza alifunga kasha.

Wengine wataka jambo hili liamuliwe kutoka juu. Nasi ni watumishi wa serikali, tena haya yanachapwa katika kitabu cha serikali, kwa hiyo tutasema kwa heshima, lakini tutasema. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamasai waliamriwa kuacha lubega na kuvaa suruali. Lubega iko mpaka leo. Umoja wa Vijana wa TANU ukapiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia tarehe 1 Januari 1969, na wasichana wakasumbuliwa barabarani na wavulana waliovaa mashati ya kigeni. Miaka michache baadaye mji ulijaa bugaluu na raizoni. Wakenya nao walibuniwa vazi la taifa mwaka 2004, likazinduliwa kwa shangwe, na wananchi hawakulivaa. Kamati yaweza kuchagua bendera. Namna ya kuegemeza kofia haiwezi kuichagua.

Mwaka jana mtoto wa dada yetu, anayesomea ualimu Tanga, alikuja Pangani likizo akafungua kasha. Mlikuwa mmebaki khanga mbili na ile kaniki. Kesho yake aliivaa kaniki hadi gotini, juu amevaa shati la mtumba alilolipunguza mwenyewe mikono, na kiunoni ukanda wa khanga. Shangazi zake walinong'ona. Tulimwita faraghani tukamweleza kaniki ilikuwa vazi la nani.

"Najua, mjomba," akasema. "Bibi mkubwa alimwambia mama. Ilikuwa ya mama yake."

Miaka hamsini na zaidi tumeishi duniani, tumeandika mashairi juu ya asili yetu, na jambo hilo tulilisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza, kutoka kwa binti wa miaka ishirini na mmoja. Hatukuwa tumeuliza mara ya pili.

Kisha akatuuliza ilikokwenda kofia ya babu ya viua, kwa kuwa alitaka kuiga tundu zake ukosini mwa gauni. Tukamweleza habari za kuku. Hakucheka. Akataka kujua kama yupo mtu aliye hai anayeshona namna ile, tukamtajia mzee mmoja wa ng'ambo, Bweni, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena lakini vidole bado vinakumbuka. Asubuhi alipanda kivuko cha kwanza, akiwa na sindano, uzi mweupe na daftari la shule.