Toa Hiyo Koni, Rudisha Boksi

Wiki hii pekee nimepata meseji kumi na moja kwa inboksi, zote zinauliza kitu kimoja: "Buda, ile filta ya koni uliweka kwa Hilux ulinunua wapi?" Jibu langu ni moja. Usinunue. Na najua mnauliza kwa sababu ya video yangu mwenyewe, ile ya sekunde arobaini: boneti iko wazi, injini inanguruma, mimi nacheka kama fala, na juu nimeandika "nguvu mpya kwa 4,500 tu". Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Ilikuwa uongo. Sikujua ni uongo, lakini hiyo haimsaidii anko wangu.

Anko ana Hilux dizeli ya kitambo, injini ya 5L, lita 3.0, haina turbo. Inabeba waru kutoka mashamba ya Kinangop hadi Nairobi. Mvua ikikosa, zile barabara za ndani mashambani ni unga mtupu. Aliona hiyo video akanipigia simu: "Kijana yangu, hiyo kitu itanisaidia kupanda mlima nikiwa na mzigo?" Nikamwambia itasaidia. Tulitoa boksi nyeusi ya filta iliyokuja na gari, tukaitupa stoo, tukafunga koni wazi chini ya boneti. Sauti ikabadilika. Anko akafurahi, mimi nikafurahi, simu ilikuwa inarekodi.

Miezi minane baadaye gari lilikuwa linakunywa oili na kutoa moshi wa bluu. Fundi alifungua hosi ya hewa, akapitisha kidole ndani, upande ule wa baada ya filta, ambapo hewa inafaa kuwa safi. Kidole kilitoka na vumbi. Koni ilikuwa imekazwa kwa klipu isiyotosha, na hata ingetosha, ile pamba yake ilikuwa inapitisha unga wa mchanga. Huo unga ulisaga ringi na kuta za silinda. Kufungua injini yote kulikula 140,000 na wiki tatu bila gari, wakati wa mavuno. Anko hakunitukana. Alisema tu, "Si wewe ndiye ulisema?"

Sasa tufanye hesabu. Na kabla mtu aandike "wewe uliacha campo, utatufunza nini", hii ni sheria ya Charles, kemia ya kidato cha tatu, nilikuwa bado shuleni.

Hewa ikipata joto inapanuka, kwa hivyo injini ikivuta lita ileile inapata oksijeni kidogo. Chukua hewa ya nje ya nyuzi 25. Chini ya boneti, ukiwa umekwama kwa jam ya Thika Road saa nane mchana, hewa inaweza kufika nyuzi 60. Geuza ziwe Kelvin: 298 gawa kwa 333. Unapata karibu 0.9. Umepoteza asilimia 10 ya hewa yako kabla hata hujakanyaga mafuta. Wale mainjinia waliounda Hilux hawakuwa wajinga: mdomo wa ile boksi unavuta hewa kutoka ndani ya madigadi, mbali na injini. Yaani "hewa baridi" unayouziwa kwa bei ya juu ilikuja na gari. Wewe ndiye umeitoa ukaweka hewa moto, ukalipia.

"Lakini boksi ya kampuni inabana hewa!" Hiyo ndiyo hoja yao kubwa, kwa hivyo nilienda kupima. Nilinunua mita mbili za mrija wa plastiki unaoonekana ndani, nikaukunja umbo la U kwenye ubao, nikajaza maji nusu. Mwisho mmoja nikauchomeka kwenye hosi baada ya filta, mwingine nikauacha wazi. Nikamwambia anko akanyage hadi mwisho bila gia. Injini ikivuta kwa nguvu kupita filta, maji yanapanda upande mmoja, na tofauti ya urefu inakuambia filta inazuia kiasi gani.

Nilirudisha boksi na ile filta nzee iliyokuwa ndani yake: sentimita 46. Nikaweka filta mpya ya karatasi, boksi ileile: sentimita 21. Kila sentimita 10 za maji ni karibu kilopaskali 1, na hewa ya Nairobi iko karibu kilopaskali 83. Kwa hivyo filta chafu ilikuwa inakula kama asilimia 5 na nusu, na mpya inakula asilimia 2 na nusu. Soma tena hapo. Hata kama koni yako haizuii kitu chochote, haiwezi kukurudishia zaidi ya hiyo 2 na nusu. Ile tofauti mnahisi mkifunga koni ni kwamba mmetoa filta iliyojaa uchafu. Filta ya karatasi ya 1,300 ingekupa karibu hiyo yote.

Na sauti si nguvu. Ile boksi tupu ya pembeni ambayo watu wanakata kwa msumeno kazi yake ni kutuliza kelele. Ukiitoa unapata kelele. Zaidi ya hayo, kwa dizeli kama hii nguvu inategemea mafuta yanayopimwa na pampu. Hewa peke yake itakupunguzia moshi mweusi kidogo, basi.

Kwa hivyo unataka pikapu ivute hewa vizuri na huna pesa? Sisi tulitumia 2,900, Jumamosi moja, nje ya nyumba.

Kwanza filta mpya ya karatasi, na uache kuipeleka kupulizwa kwa kompresa kila ukiosha gari. Najua kila mtu anafanya. Ule upepo mkali unapasua karatasi matundu ambayo huwezi kuona, halafu unarudisha filta "safi" inayopitisha mchanga. Ikijaa, nunua nyingine. Kisha osha boksi kwa kitambaa chenye maji, ikauke kabisa. Angalia hosi kwenye mikunjo yake, pale ndipo raba hupasukia. Ikunje kwa mkono ndiyo uone. Yetu ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole, na hewa inayoingia hapo haijapita filta yoyote. Badilisha hosi, usifunge na selotepu. Weka klipu za skrubu pande zote mbili.

Halafu pale mdomo wa boksi unapoingia kwenye madigadi, kama raba yake imeisha, zungushia sponji ya kubandika ili isivute joto la injini. Lakini matundu ya kutolea maji chini ya boksi usiyazibe, tafadhali. Mwisho paka grisi nyembamba ndani ya hosi, baada ya filta. Endesha wiki moja kwa vumbi, ufungue. Grisi ikiwa na mchanga, bado kuna mahali panavuja, na umejua kabla injini haijakwambia.

Kama gari lako ni la juzi na lina sensa ya kupima hewa, zile filta za kupakwa mafuta ni shida ingine: ukizidisha mafuta yanaenda kukaa kwa sensa, na gari linaanza kukosea vipimo.

Kuna mmoja aliniambia "mbona magari ya rally yanafungwa vitu?" Yanafungwa snokeli, kaka. Kwenye Safari Rally pale Naivasha wanainua mdomo wa hewa juu ya maji na vumbi, na kila kitu kinazibwa. Hakuna anayeachia pamba wazi karibu na injini moto kisha apite kwa lile vumbi. Na wao wana mafundi wanaosubiri gari kila jioni. Anko ana mimi.

Hilux imerudi barabarani. Mlima bado inapanda polepole, kwa sababu ni dizeli bila turbo kwenye mita zaidi ya 2,000 juu ya bahari, na hakuna filta itabadilisha hiyo. Kila mwezi namtumia anko 5,000 kutoka kwa pesa za video, na nimebakisha miezi mingi.

Ile ya koni sijaifuta. Nimebandika komenti juu kabisa, na picha ya kile kidole chenye vumbi. Mwenye duka aliyenipa koni ya pili bure nimtangazie amenitumia meseji mara tatu akitaka niitoe. Sitoi.