Samaki saba, kanuni tatu

Nimekuwa kimya, kazi zimenibana. Leo naweka Python kando nizungumzie tangi la maji ya chumvi lililo sebuleni kwangu hapa Mountain View, ingawa mtaona kompyuta haikosi kujipenyeza.

Nilipokuwa chuoni nilipenda sana Boids, programu ya Craig Reynolds ya mwaka 1986. Kanuni zake ni tatu tu: usimgonge jirani, elekea anakoelekea jirani, usiachane na kundi. Weka vitone mia kwenye skrini, vipe kanuni hizo, na utaapa unatazama samaki. Basi nikajiaminisha kwamba nikinunua samaki saba wa aina ya Chromis viridis, wale wadogo wa kijani wanaoishi kwenye matumbawe ya pwani yetu, nitapata Boids hai.

Nilijitayarisha, msinicheke. Tangi la lita 200, chumvi gramu 35 kwa kila lita, na wiki sita za kungoja bakteria waongezeke, maana hao ndio wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Raspberry Pi ilipima joto kila dakika na kunitumia ujumbe likishuka chini ya nyuzi 25. Julai ya Nairobi si mchezo.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa raha tupu. Kisha saba wakawa sita. Nikapima amonia: sufuri. Wakawa watano. Grafu zangu zote zilikuwa shwari huku samaki wanakufa! Ilibidi nivute kiti nikae mbele ya tangi jioni nzima ndipo nikaona. Mkubwa wao alikuwa akimwandama mdogo kuliko wote, anamng'ata mapezi, hamwachi ale. Huyo akifa, anahamia kwa anayefuata. Leo amebaki yeye peke yake, mnene, hana habari.

Baharini samaki hawa huishi kwa makumi, hata mamia, juu ya matumbawe yenye matawi ya kujifichia, na karibu yao wapo wakubwa wanaowawinda. Hofu ndiyo inayowabana pamoja, na mgomvi akiwa na hamsini wa kuwasumbua, hakuna anayeumia sana. Ndani ya sanduku la kioo lenye urefu wa mita 1.2 hakuna adui wala pa kukimbilia. Hofu haikuwamo kwenye kanuni zangu tatu.

Halafu kuna stima. Mnakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipoingia gizani. Pampu ikisimama, maji hayachanganyiki na hewa. Na sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,700, kwa hiyo maji ya hapa hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa kwa joto lilelile. Kundi zima likipumua, muda wako ni mfupi. Siku moja stima ilipopotea mtaani kwetu, Raspberry Pi iliyopaswa kunionya ilizimika pamoja na pampu. Injinia mzima! Kabla ya kununua chochote cha kupima, nunua pampu ya hewa ya betri.

Kuna wanaoniambia ningenunua ishirini, wangebaki kadhaa. Hapo ndipo tunapokosana. Samaki wa mapambo wa pwani yetu hukamatwa na wapiga mbizi kwa nyavu za mkono, mmoja mmoja. Sina ugomvi nao, ni riziki yao. Lakini katika miaka ya 2000 wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, walifunga sehemu ya bahari yao wenyewe ili samaki warudi. Nami huku Nairobi ninunue saba nikijua atabaki mmoja? Hapana. Kwa tangi la sebuleni chukua wawili wa wale wa chungwa wenye mistari myeupe, ambao huishi wawili wawili kwa tabia yao. Ukitaka kundi, panda mashua Shimoni uende Kisite, uvae miwani ya maji, uinamishe uso.

Wikendi iliyopita niliifungua tena Boids yangu. Nikaongeza kitone kimoja chenye tabia za yule bwana, nikapunguza uwanja mpaka ukawa mdogo kama tangi langu. Baada ya dakika chache vitone vingine vyote vilikuwa vimejibanza pembeni.