Mwandishi wa simu ni mwenye genge, atozwe kama mwenye genge

WAKATI mfanyabiashara wa mahindi katika soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma, anahitaji magunia, mizani na nauli ya lori kabla hajauza kilo ya kwanza, yupo mfanyabiashara wa aina nyingine anayeanza na kitu kimoja tu, simu ya kiganjani. Huyu anauza makala. Anaiandika kwa simu, picha anapiga kwa simu, anaichapisha katika mtandao kwa simu hiyo hiyo, na wateja wake wengi wanaisoma kwa simu.

Zamani biashara hii haikuwa ya mtu wa kipato cha chini. Aliyetaka kuchapisha alihitaji taipureta au kompyuta, karatasi, mtambo wa kuchapia na gari la kusambaza. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na simu za bei nafuu zilipojaa madukani katika miaka iliyofuata, mtambo wote huo ukaingia mfukoni.

Hata hivyo, mtaji mdogo si sawa na kutokuwa na mtaji. Simu hununuliwa, bando hununuliwa, na pale umeme unapokatika hata kuchaji hulipiwa. Mwandishi asiyeziandika gharama hizi hudhani anapata faida kumbe anakula mtaji.

Mfano mmoja unatosha. Makala ya maneno 800 ya Kiswahili ina herufi zipatazo 5,500, ambazo ni kama kilobaiti 6 tu. Picha moja iliyopigwa kwa simu na kutumwa bila kupunguzwa inaweza kufikia megabaiti 3, yaani uzito wa makala 500. Kinachomaliza bando la mwandishi, kwa hiyo, si maneno bali picha. Mwenye akili ya biashara huandika akiwa amezima data, hupunguza ukubwa wa picha, kisha huwasha data kwa dakika chache za kupeleka kazi sokoni.

Anayechoka kuchapa kwa vidole naye amepata nafuu. Tangu Agosti 2017 kampuni ya Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa sauti, hivyo mtu anaweza kuisemea simu nayo ikaandika. Lakini bidhaa hiyo haifai kupelekwa sokoni bila kupepetwa. Simu husikia jina la mtu vibaya, na kioo kidogo huficha makosa. Sifuri moja iliyozidi hugeuza gunia la shilingi 60,000 kuwa la shilingi 600,000, na msomaji aliyedanganywa mara moja harudi.

Upande wa mapato ndio mgumu zaidi. Wengi hutegemea matangazo ya AdSense, ambayo pia ni ya Google. Mpango huo haumlipi mtu mpaka mapato yake yafikie dola 100 za Marekani. Kabla ya hapo, akifikisha dola 10, hutumiwa kwa njia ya posta barua yenye namba ya siri ya kuthibitisha anuani yake. Kijana anayefanya kila kitu kwa simu hujikuta anatafuta sanduku la posta la shule au la mjomba ili apokee barua moja.

Anayesubiri dola hizo peke yake atasubiri sana. Soko lililo karibu naye ni lile analolijua: mwenye duka la pembejeo anayetaka tangazo, chama cha ushirika kinachotaka habari zake ziandikwe, na mkulima wa kijijini anayetaka kujua bei ya leo kabla hajapakia lori. Hawa hulipa kwa fedha za simu, na malipo yao hayangoji dola 100.

Hapa ndipo suala la ada linapoingia. Mwaka 2018 Serikali ilitoa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, na mwenye blogu, hata mtu mmoja mwenye simu moja, akatakiwa kuwa na leseni. Maombi yalikuwa shilingi 100,000, leseni ya kuanzia shilingi 1,000,000 na ada ya mwaka shilingi 1,000,000. Jumla ni shilingi milioni 2.1 kwa mwaka wa kwanza, au zaidi ya shilingi 5,700 kila siku, iwe siku ya soko au ya mvua.

Desemba mwaka huo huo, Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo. Mmachinga ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka alilipa shilingi 20,000 tu, ambazo hazifiki shilingi 60 kwa siku. Aliyepanga viatu barabarani na aliyepanga maneno katika simu walikuwa na mtaji unaokaribiana, lakini wa pili alitakiwa kulipa zaidi ya mara 100 ya wa kwanza.

Ni haki kusema kwamba mambo hayakubaki hivyo. Kanuni mpya zilitungwa mwaka 2020, zikarekebishwa mwaka 2022, na mzigo umepungua. Lakini anayechapisha habari na matukio bado anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na ripoti ya bei za sokoni ni habari. Kipimo kimebaki kuwa aina ya maandishi, si ukubwa wa mauzo.

Wanaotetea leseni husema inamlinda msomaji dhidi ya uongo. Hoja hiyo ina uzito, kwani bei ya uongo inaweza kumfanya mkulima auze mahindi yake kwa hasara. Lakini ada kubwa haipimi ukweli wa makala. Inapima tu nani ana fedha. Mwongo mwenye fedha atalipa na kuendelea kudanganya, wakati mkweli asiye nazo ataacha, au ataandika kwa jina la bandia, na hapo msomaji hatamjua wa kumdai masahihisho.

Njia iliyo bora ni ile ile ya machinga. Mwandishi mdogo aandikishwe kwa jina lake halisi na namba yake ya simu, alipe ada inayolingana na mauzo yake, na biashara ikikua apande daraja kama wengine. Serikali itapata walipaji wengi wadogo badala ya wachache wakubwa, na msomaji atajua anayemwandikia ni nani.

Mwandishi naye ana wajibu wake. Hawezi kudai apimwe kama mfanyabiashara mdogo ikiwa hana hata ukurasa mmoja wa hesabu. Daftari la shilingi chache, lenye safu ya bando, safu ya nauli ya kwenda sokoni na safu ya kilichoingia, ndilo litakaloonyesha kwamba mauzo yake ni ya genge na si ya kiwanda. Wahenga walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa anayeuza habari, hasara hiyo itakuwa ya aibu zaidi.