Namba ya Simu Sio Nenosiri!

Wikendi iliyopita nilitoka Kitale kwenda Bungoma kumsalimia mama mdogo. Kabla hata chai haijamiminwa, malalamiko yakaanza: Wi-Fi imekuwa konokono, na kila mwezi analipa. Nikamwomba nenosiri. Akanitajia namba yake ya simu! Eti fundi aliyefunga mtambo ndiye aliyeiweka, "ili usisahau, mama."

Nikafungua ukurasa wa ruta. Jina admin, nenosiri admin. Nyumba ina simu nne, lakini nilihesabu vifaa kumi na saba. Ploti nzima inakula kwa mama mdogo.

Sasa ndugu zangu mafundi, leo tugombane kidogo. Mnapenda kusema, "Nani atakuhaki huku mashambani?" Haya, tupige hesabu. Namba inayoanza na 07 imebakisha tarakimu nane za kubahatisha, yaani namba milioni 100. Mwizi hakai mlangoni akijaribu moja moja. Ananasa salamu ambazo simu na ruta hupeana zinapoungana kwa WPA2, anaenda nazo kwake, kisha anaachia kompyuta yenye kadi nzuri ya gemu. Kadi hiyo hujaribu laki kadhaa kwa sekunde. Dakika chache, kwisha! Na kwa mama mdogo hata hesabu haikuhitajika: namba yenyewe imepakwa rangi kwenye bango la duka lake.

"Acha waibe bando, hatuna siri." Hapana jamani. Aliyeingia kwenye ruta kama admin anaweza kubadilisha DNS, ukiandika anwani ya benki upelekwe kwenye ukurasa bandia. Kivinjari kitatoa onyo, lakini ni wangapi wetu husoma onyo? Na akifanya uhalifu kupitia laini yako, Kenya ina sheria ya makosa ya mtandao tangu 2018. Wapelelezi watabisha kwanza kwa mwenye laini.

Dawa ni rahisi. Badilisha nenosiri la admin. Weka nenosiri la Wi-Fi la maneno manne yasiyohusiana, kwa WPA2 ya AES au WPA3. Zima WPS: mwaka 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba PIN yake ya tarakimu nane hupatikana kwa majaribio yasiyozidi 11,000. Wageni wape mtandao wao wa kando.

Kasi nayo? Ruta ilikuwa imefichwa nyuma ya kabati la chuma. Chuma hurudisha mawimbi! Nikaiweka juu, katikati ya nyumba, nikaihamisha kutoka chaneli 3 hadi 11, kwani kwenye 2.4 GHz ni 1, 6 na 11 tu zisizoingiliana.

Kazi yote ilichukua dakika ishirini. Video zikacheza bila kukwama, na wapangaji wakaanza kuuliza kama stima imepotea.

Kwa hiyo msomaji, fundi akija kwako, usimlipe kabla hujaona admin imebadilishwa. Akinuna, mwache anune.